Vidole vilijua, kichwa hakikujua

Nilikuwa nimepiga gitaa miaka ishirini, hoteli za Nyali mpaka Diani, usiku mwimbaji wetu alipokuja na koo limemkauka. "Kaka, leo A siiwezi. Nishushie, tupige G." Hizo ni kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote hujengwa juu yake. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, hupandisha sauti, haishushi. Wimbo niliokuwa nikiupiga kila wikendi ukanipotea mikononi. Mpiga besi, kijana wa juzi tu, alishafika G ananisubiri.

Kesho yake nikanunua kitabu cha nadharia ya muziki. Kilianza na mistari mitano na mikia ya noti, nami kufika ukurasa wa tisa nikakisukuma chini ya kitanda. Nina miaka 43 na watoto watatu. Mikia ya noti ya nini?

Aliyenitoa gizani ni mke wangu, ambaye huimba alto kwaya ya Kongowea. Gitaa hajui hata kulishika, lakini mpe karatasi ya solfa (noti zilizoandikwa do, re, mi) atakuimbia wimbo asiowahi kuusikia. Akaniuliza, "Baba Neema, katika wimbo huo, do iko wapi?" Nikauimba polepole. Do, noti ambayo wimbo hutulia kwake, ilikuwa A. Kodi zangu nyingine mbili (za gitaa, si za serikali) zilikuwa D na E, yaani fa na so. Basi G ikiwa do, fa ni C na so ni D. Miaka yote nilikuwa nikipiga do, fa, so bila kuzijua kwa majina!

Kwa hiyo wewe unayeanza ukubwani, usianzie kwenye kitabu. Anzia kwenye wimbo ambao vidole vyako vinaujua hata umelala. Tafuta do yake kwa mdomo, kisha uhamishe wimbo huohuo kwenye kii nyingine, halafu nyingine. Utakosea, na majirani watajua.

Skeli, yaani ngazi ya noti kutoka do hadi do, nayo niliielewa kwenye waya mmoja. Shika waya wa D, uupige wazi bila kuubonyeza, kisha panda kwa kuhesabu freti (vile vyuma vya shingoni): mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Unaishia freti ya 12, kwenye D ya juu. Imba do re mi huku unapanda. Kuimba ndiko muhimu. Mimi kwenye feri ya Likoni huimba do–so, do–fa kwa sauti ya chini, na watu wameshanizoea. Dakika 15 kila siku zimenifaa kuliko Jumapili nzima.

Mdundo haukunisumbua. Aliyekulia kwenye harusi za Pwani ana mapigo sita ya chakacha mwilini tayari. Ni kuyahesabu tu.

Kusoma mistari mitano kumebaki mwisho, na bado nasoma kama mtoto wa chekechea. Halafu juzi, nikijiona nimefika, nikamwonyesha skeli zangu mzee mmoja mpiga udi wa Mji wa Kale. Akanisikiliza, akachukua udi wake akapiga Bayati, skeli ya muziki wa Kiarabu. Noti ya pili nikaitafuta kwenye waya wa D: freti ya kwanza iko chini, ya pili iko juu. Mzee akacheka. "Mwanangu, hiyo iko katikati. Udi hauna freti, ndiyo maana."

Nimemwomba niende tena Alhamisi.