Re: Kwa nini mahakama ziwe na ngazi nyingi, si moja tu ingetosha?

Mkuu umeuliza kwa nini nchi iwe na mahakama za ngazi tatu nne wakati moja yenye majaji wazuri ingetosha. Mi nimefuatilia kesi ya mirathi ya familia yetu toka chini mpaka rufaa, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Kule chini ndo kwenye kazi yenyewe. Hakimu anamwona shahidi usoni, anamsikia akisitasita, wakili wa upande wa pili anamhoji mpaka jasho linamtoka, na kila jibu linaandikwa. Kwenye rufaa hakuitwa shahidi hata mmoja. Majaji watatu wana faili mbele yao na maswali yao karibu yote ni ya sheria, hakimu alitumia kifungu gani, ushahidi huu aliupokeaje, mbona ule hakuugusa kwenye hukumu. Wenzetu wakataka kuleta hati mpya, wakaulizwa kwa nini hawakuitoa kule mwanzo, ombi likatupwa palepale. Ndo maana nawasihi watu wekeni nguvu na wakili mzuri mwanzoni kabisa, maana rufaa inakagua kazi ya hakimu, hairudii kesi.

Halafu la pili, eti majaji ambao hawajapigiwa kura wanamzuiaje rais au bunge. Mahakama haina jeshi wala haishiki hazina, ina hukumu yenye sababu zilizoandikwa basi. Marekani mwaka 1803, kwenye Marbury dhidi ya Madison, mahakama ya juu ilisema sheria ya bunge ikigongana na katiba haina nguvu. Uingereza hawana hata katiba ya waraka mmoja lakini 2019 majaji 11 kwa kauli moja walisema bunge lilisimamishwa kinyume cha sheria, wabunge wakarudi kazini. Kenya 2017 uchaguzi wa rais ukafutwa, Malawi 2020 hivyohivyo.

Mi ninachokiangalia sana ni ajira ya jaji mwenyewe. Jaji wa mahakama ya juu Marekani anakaa maisha, yule wa mahakama ya katiba Ujerumani ni miaka 12 halafu harudi tena, na huu wa Ujerumani naupenda zaidi kwa sababu hana kipindi cha pili cha kukiombea kwa wanasiasa. Na mshahara msiusahau, katiba ya Marekani inakataza kumpunguzia jaji mshahara akiwa bado kazini.