Pikapu na karavani: hesabu kabla ya safari ya Disemba

Barua nyingi za mara hii zinahusu jambo moja: tela la kulala, yaani karavani, na pikapu ya kulivuta. Ni msimu wake. Wa Arusha wanawaza bahari ya Tanga, wa Dar es Salaam wanapanda kula Krismasi uchagani, na wote wanakutana kwenye barabara ile ile ya Same na Mombo yenye matuta, rasta na mabasi yenye haraka. Tumechagua tano.

Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, lita 2.8. Muuzaji anasema inavuta tani 3.5. Nimepata karavani ya mtumba yenye ekseli moja: tupu ni kilo 1,450, mwisho wa uzito wake ni kilo 1,900. Kibati cha mlangoni mwa gari kinasema mwisho wa gari na mzigo wake ni kilo 3,000. Nimeipima tangi likiwa limejaa, bila mtu, ikasoma 2,230, maana ina bampa la chuma, keria na kava la bodi. Tuko 5, wakubwa 2 na watoto 3. Tunataka Lushoto, kisha Tanga. Inatosha?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeipima gari. Bila hiyo 2,230 tungekuwa tunabahatisha tu.

Zile tani 3.5 ni uwezo wa kuvuta. Kinachokwisha kwanza kwenye pikapu ya familia ni uwezo wa kubeba. Toa 2,230 kwenye 3,000, unabaki na kilo 770. Watu 5 wa nyumba yako tuwahesabu kilo 260: zinabaki 510. Sasa karavani yenyewe haivutwi tu, inaegemea. Mkono wake wa mbele unakandamiza tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari, na uzito huo unapaswa kuwa karibu asilimia 10 ya uzito wa tela. Kwa kilo 1,900 ni kilo 190, na hizo anazibeba Hilux. Zinabaki 320 za friji, maji, madumu ya mafuta na mabegi.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa tela la tani 3.5. Tufe lingebeba 350, ukabaki na 160. Jaza friji, weka madumu mawili ya maji na mabegi ya watoto, gari imeshafika mwisho. Ndiyo maana hatupendi mtu anunue karavani kwa kutazama tangazo la gari.

Kuna jambo la pili ambalo kibati hakikuambii. Tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo linafanya kazi ya wenzo. Hilux yako ina mita 3.085 kati ya ekseli mbili. Tuseme tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kilo 190 zikikaa hapo, ekseli ya nyuma inaongezewa kama 264 na ya mbele inapungukiwa 74. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti, na breki za mbele zinapoteza mshiko. Kwa hiyo vitu vizito vikae mbele ya bodi, vikiegemea ukuta wa kabini, na si karibu na mlango wa nyuma.

Mafundi watakushauri uongeze jani la springi au mifuko ya hewa. Gari itanyanyuka, itapendeza macho, lakini kilo 3,000 za kibati hazijaongezeka hata moja. Mifuko ya hewa ina hatari zaidi: uzito unaingia kwenye chasisi sehemu moja tu, badala ya kugawanyika kwenye ncha mbili za springi, na chasisi ya dabo kabini iliyozidishiwa hupinda au kupasuka nyuma tu ya kabini.

Kabla ya safari pakia kila kitu, watu wote waingie, mwende kwenye mizani ya malori au ya ghala la nafaka. Tela likiwa limefungwa, pima magurudumu ya mbele ya gari peke yake, kisha gari nzima magurudumu ya tela yakiwa nje ya mizani, kisha vyote pamoja. Halafu fungua tela, upime gari peke yake. Tofauti kati ya gari iliyofungwa na gari iliyofunguliwa ndiyo uzito halisi wa tufe. Linganisha ekseli ya nyuma (gari nzima iliyofungwa, ukitoa magurudumu ya mbele) na kiwango chake, na jumla ya vyote na kiwango cha gari pamoja na tela. Kiwango hiki cha mwisho mara nyingi kiko kwenye kitabu cha gari tu, hakipo mlangoni, na ndicho kinachoamua kama unaruhusiwa kujaza gari na tela kwa wakati mmoja.

Jibu letu: inatosha, mradi karavani iwe na breki zake na uibakize chini ya kilo 1,750. Zile kilo 450 kati ya tupu na mwisho huisha upesi. Tangi la maji la lita 80 ni kilo 80, betri ya risasi ya 100 Ah ni kama kilo 30, mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unafika 30 kwa sababu ya chuma chake. Chukua wa kilo 6, na maji jazeni mkifika.

Lushoto tusingeipandisha. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, barabara nyembamba, malori ya mboga yanashuka, na pikapu yenye karavani inahitaji upana wote kwenye kona iliyobana. Tafuteni mahali pa kuaminika Mombo muiache, mpande na gari tupu.

Tela langu la ekseli moja lina kilo 900 hivi. Nikifika 90 pale tambarare baada ya Same linaanza kutikisa mkia, na basi likinipita ndiyo zaidi. Fundi amebadilisha shokapu lakini bado.
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Shokapu si mgonjwa hapa. Tela linalotikisa mkia karibu kila mara ni jepesi mbele na zito nyuma. Angalia umeweka nini nyuma ya ekseli: tairi la akiba, baiskeli, genereta?

Pima uzito wa mbele nyumbani kwa mizani ya kujipimia mtu na ubao mgumu. Weka tofali upande mmoja na mizani upande mwingine, sentimita 90 katikati yake, na juu yake ubao. Soma mizani ikiwa na ubao tu, uandike. Kisha shusha gurudumu dogo la mbele la tela likae sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3. Tela liwe limesawazika na magurudumu yamezuiliwa kwa mawe. Kwa kilo 900 unatafuta kama 90, yaani mizani isome 30. Ukipata 12 hadi 15, umeuona ugonjwa wako: tufe linabeba 36 hadi 45 tu.

Hamisha mizigo: vizito vyote juu ya ekseli au mbele kidogo, chini sakafuni, vyepesi ndiyo viende nyuma. Usijaze kila kitu kwenye pua ili upate namba nzuri, maana uzito uliowekwa kwenye ncha zote mbili unalifanya tela liwe kama pembea. Likishaanza kuyumba, ni gumu kutulia.

Tazama pia kimo. Ukiwa umesimama pembeni, tela linapaswa kulala sawa au kuinamisha pua kidogo. Pikapu zilizonyanyuliwa zina tufe juu sana, pua ya tela inaangalia mbinguni na uzito unakimbilia nyuma. Fundi wa kuchomelea asiongeze kipande cha chuma hovyo. Nunua mkono wa kushushia tufe uliotengenezwa kwa kazi hiyo na wenye kiwango cha kilo kilichogongwa juu yake.

Likianza kuyumba ukiwa barabarani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uelekee mbele, usipambane nalo kushoto kulia, na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kama tela lina breki za umeme zenye kidude cha mkono ndani ya kabini, kiguse peke yake: tela litavutwa nyuma na kunyooka. Usiongeze mwendo. Na hata baada ya kupanga mizigo, 80 inatosha.

Nimeunganisha taa za tela kwa plagi ya matundu 7. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa.
*Msomaji, Usa River*

Hiyo ni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme. Ikiwa mbovu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Kwenye plagi ya kawaida ya volti 12 ni tundu namba 3, waya mweupe. Usitegemee tufe lipitishe ethi, lina grisi. Pitisha waya mweupe mpaka nyuma kabisa, kwangua rangi ya chasisi pale unapoufunga, kaza bolti, paka grisi juu yake.

Mengine: 1 indiketa ya kushoto, njano, 2 taa ya ukungu, buluu, 4 indiketa ya kulia, kijani, 5 taa ndogo ya kulia, kahawia, 6 breki, nyekundu, 7 taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Rangi za waya usiziamini kwenye tela la mtumba. Hakikisha kwa taa ya kupimia, tundu kwa tundu.

Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, tela la kilo 1,600 lenye breki za kusukumwa. Mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu geji ya joto inapanda. Kurudi, breki za tela zinatoa harufu.
*Msomaji, Moshi*

1HZ haina tabo. Inavuta hewa kwa pumzi zake, na kila mita 100 unazopanda inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu. Zile nguvu za farasi karibu 130 za usawa wa bahari, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro wa mita kama 2,300 zinabaki 100. Moshi mweusi mlimani unakuambia unamwaga dizeli ambayo hewa haitoshi kuichoma. Dizeli hiyo inageuka joto. Kwa hiyo rudisha gia mapema, kabla injini haijalemewa, iache izunguke kama mara 2,500 kwa dakika hata kama mwendo ni 35. Injini inayozunguka inasukuma maji na feni. Inayovutwa gia kubwa inachemka. Kabla ya safari osha rejeta kutoka ndani kwenda nje, maana mbegu za nyasi na vumbi hukaa katikati ya mapezi, na angalia feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukiizungusha kwa mkono iwe nzito. Ikizunguka kwa wepesi, kiungo chake cha mafuta kimekwisha.

Kushuka ni jambo zito zaidi. Breki za kusukumwa hufanya kazi tela linapolisukuma gari, na kwenye mteremko mrefu linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zinabaki zimeshika hadi zinaungua na kuacha kufanya kazi. Shuka kwa gia ile ile uliyopandia, au moja chini yake, uishike kabla ya kuanza mteremko. Punguza mwendo kwa mikanyago mifupi yenye nguvu, kisha achia kabisa, usiburuze. Penye nafasi ya kuegesha, simama, sogeza kiganja karibu na habu bila kugusa. Zikinuka, subiri zipoe zenyewe. Usimwage maji, drami itapasuka.

Kama tela hili litapanda mteremko huo kila msimu, tungekushauri uweke breki za umeme. Unazipunguza na kuziongeza ukiwa kwenye kiti. Na ukitoka Karatu kwenda kreta, liache huko: baada ya geti la Lodoare la kuingilia hifadhi lami imekwisha.

Kuna karavani ya Marekani na ya Uingereza, bei karibu sawa. Ipi?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Ya Uingereza, kwa safari za lami. Mlango wake uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara kwetu. Wa Marekani uko kulia, watoto wanashukia kwenye magari. Umeme wake ni volti 230 kama wa TANESCO, wa Marekani ni 120, kwa hiyo friji na kiyoyozi vitataka transfoma. Tufe la Uingereza ni milimita 50, la Marekani la inchi 2 ni 50.8. Kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya 50 kinacheza, na kinachocheza kinaweza kuruka kwenye tuta. Usichanganye.

Yoyote utakayochukua, soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi ya karavani hufa kwa uzee yakiwa bado na meno, kwa hiyo yaliyozidi miaka 6 yatoe hata kama ni mazuri kwa macho. Ukiweka mapya, tafuta rimu zinazoingia kwenye pikapu yako pia. Hilux ina nati 6, mkonga wa sasa una 5, na tairi moja la akiba litakuokoa mara mbili. Kama beringi si zile zilizofungwa moja kwa moja kiwandani, fungua habu zote, osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, zijaze grisi mpya, badilisha sili. Kaza nati huku gurudumu likizunguka, kisha ulegeze robo ya mzunguko, weka pini mpya. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama uguse habu: uvuguvugu ni sawa, ila kiganja kisipovumilia, beringi imebanwa mno au imekauka.