Madumu ya maji niliyomnyanyulisha Baba

Kandambili ndiyo iliyotangulia kutuambia. Baba alikuwa akitembea, ya mguu wa kulia inamvuka, anarudi kuivaa, hatua mbili imemvuka tena. Tukamcheka. Baadaye akawa hashiki bisibisi, na yeye ni seremala tangu mimi sijazaliwa. Mpaka tunaambiwa jina la ugonjwa, tulishapita kwa waliosema ni kiharusi na kwa waliosema ni mkono wa mtu.

Huu ni ugonjwa wa nyuroni za mwendo. Nyuroni ni seli za neva, na hizi zinazopeleka amri kwenye misuli kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo zinakufa kidogo kidogo, na msuli usiopata amri unanyauka. Ndio uliompata Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza, akiwa na miaka 21. Yeye aliishi nao hadi 2018, lakini wengi hawapati muda huo.

Sasa kosa langu. Kila aliyekuja kutujulia hali alisema, "Afanye mazoezi, mkono utarudi." Nikamjazia Baba madumu mawili ya lita 5, nikawa namhesabia kama kocha. "Bado kumi, Baba." Akamaliza, maana ni mbishi. Kesho yake kikombe cha kahawa kilimshinda, na siku nne nzima nilimnywesha mimi, hatutazamani usoni.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, alinieleza bila kunikaripia. Nyuroni zilizobaki zinabeba na kazi ya zile zilizokufa, kwa hiyo msuli dhaifu tayari umeelemewa. Ukiutwisha mzigo mzito, unauchosha tu. Mazoezi hayafufui kilichokufa. Tunachogombania ni viungo visikakamae, maumivu yapungue, na nguvu iliyopo itumike kwa raha.

Bega ndilo la kuangaliwa kuliko vyote, na ndilo watu wanalolidharau. Mkono ukishalegea, bega linaning'inia, na lisipochezeshwa linaganda. Hapo hata kumvalisha shati ni kilio. Kila asubuhi baada ya uji, kabla jua halijawa kali, Baba analala kitandani (si mkekani, kumwinua kutoka chini ni kazi ya watu wawili). Mkono wake naushika kwa mikono yangu miwili, mmoja kwenye kiwiko, mwingine kwenye kifundo cha mkono, naupandisha polepole mpaka macho yake yanaponiambia basi. Sivuti. Natulia hapo kidogo, narudisha. Kisha kiwiko, vidole kimoja kimoja, goti, nyonga. Na tafadhali, wageni wasimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumkwida kwapani. Bega lisilo na misuli linachomoka.

Kwa miguu tunatumia kanga. Naipitisha chini ya unyayo, namwachia ncha mkono wa kushoto ambao bado una nguvu, anavuta mwenyewe vidole vije upande wake. Hilo ndilo zoezi analolipenda, kwa kuwa halimhitaji mtu.

Kutembea anatembea, hadi mlangoni kwa jirani na kurudi, na kiti kipo katikati ya njia. Kipimo chetu ni hiki: akipumzika nusu saa bado hoi, au akaamka kesho na maumivu, tulizidisha, tunapunguza. Ile misuli inayochezacheza chini ya ngozi isikutishe, ni ya ugonjwa wenyewe.

Tuliwahi kumpeleka ufukweni Raskazone, Tanga, bahari ikiwa shwari. Maji yalimbeba, akapiga hatua ambazo nchi kavu hazipati tena. Lakini tulikuwa watatu tumemshika, na hatukuruhusu maji yapande kifuani, kwani yanakibana na pumzi yenyewe ni ya kuhesabu.

Hilo la pumzi msilibahatishe. Baba alifundishwa kuvuta hewa, kuizuia, kuongeza nyingine juu yake, halafu kuitoa, akiwa amekaa wima. Fundishwa kwanza na mtaalamu. Na mgonjwa akianza kuhema kwa shida akilala chali, au akiamka kichwa kinamuuma, weka mazoezi pembeni umpeleke hospitali.

Siku nyingine Baba hataki. Ananitazama, anafumba macho. Zamani ningebembeleza hadi akubali. Siku hizi namchezesha bega tu, taratibu, redio ikisoma habari, na kanga naiacha imekunjwa pale pale miguuni pake.