Maswali ya Wasomaji: Jioni ya Walatino chuoni

SWALI: Mhariri, ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma. Darasani tuna mwenzetu kutoka Meksiko, nasi tumeazimia kumwandalia jioni ya urithi wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kama vifanyavyo vyuo vya Marekani. Wenzangu wanataka sote tuvae kofia pana na kujichora masharubu, lakini moyo wangu unasita. Tufanyeje?

JIBU: Moyo wako una haki ya kusita, kwani hakuna anayependa kuona kwao kumegeuzwa vazi la maigizo.

Nchini Marekani maadhimisho hayo yalianza mwaka 1968 yakiwa ya wiki moja, na mwaka 1988 yakarefushwa kuwa ya mwezi mzima, Septemba 15 hadi Oktoba 15. Septemba 15 ni siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kostarika, uliotangazwa mwaka 1821, na Meksiko husherehekea wake kesho yake. Ninyi hamfungwi na tarehe hizo.

Mimi ningeanzia jikoni. Mahindi tunayosongea ugali yalistawishwa kwanza na wakulima wa Meksiko, maelfu ya miaka iliyopita. Hapa Ugogoni uwele na mtama vilikuwapo kabla yake. Mwombeni mwenzenu, akipenda, awaonyeshe jinsi kwao mahindi makavu yanavyochemshwa kwa maji ya chokaa ya chakula (si ile ya kupakia kuta) mpaka maganda yalegee, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yangali na unyevu, kisha kinyunga chake kikatandazwa kama chapati nyembamba na kuchomwa juu ya kikaango kikavu. Naye mwonjesheni ugali wa uwele kwa mlenda.

Mmoja wenu asimulie habari za Vicente Guerrero, rais wa Meksiko mwenye damu ya Kiafrika, aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Habari hiyo inatuhusu sana sisi Waafrika, na inasikitisha kwamba haitajwi mara nyingi.

Kuhusu jina hilo la Walatino, Mbrazili ni Mlatino lakini si wa jamii ya Kihispania, kwa kuwa lugha yake ni Kireno. Kihispania husema latino kwa mwanamume na latina kwa mwanamke, ndiyo maana baadhi ya vijana wamechagua latine, linalowachukua wote. Kiswahili chetu humwita yeyote Mlatino, yakaisha.

Ila kabla ya kukodi ukumbi, muulizeni kwanza mwenzenu kama anaitaka sherehe hiyo, na kwao hasa ni wapi, maana huko Meksiko mtu wa jimbo la Veracruz hapiki wala hachezi kama mtu wa jimbo la Oaxaca.