Mkutano wa Mtandaoni Uandaliwe kwa Aliye Mbali na Mnara

Kila kikao cha mtandaoni ninachokijua kina mjumbe mmoja aliye mbali na mnara wa simu kuliko wenzake, anayetumia simu badala ya kompyuta, na anayenunua bando kwa fedha yake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa vikao vya shirika dogo lenye ofisi Dodoma, na mjumbe wetu wa namna hiyo anaishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Wengine wako Dar es Salaam, Newala, Bukavu nchini Kongo, na Muscat nchini Oman. Wewe uliyekabidhiwa kazi hii hivi karibuni, huenda umeambiwa kwamba ukatibu wa mtandaoni ni kufungua programu na kutuma linki. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini, na ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba kikao kikiandaliwa kwa kumfikiria huyo wa Kasulu, wale wa Dar es Salaam hawapungukiwi na chochote. Lakini kikiandaliwa kwa kuwafikiria wa Dar es Salaam, yule wa Kasulu hayupo, hata kama jina lake linaonekana kwenye skrini.

Anza na hesabu ya bando, kwa sababu wajumbe wengi huona haya kuitaja. Kwa viwango ambavyo Zoom wenyewe wamevitangaza, video ya ubora mzuri kati ya watu wawili huhitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwa kila upande, ilhali sauti pekee hutosheka na kilobiti 60 hadi 80. Ukizidisha, ukijumlisha kutuma na kupokea, utaona kwamba saa moja ya video hula zaidi ya megabaiti 500, na saa moja ya sauti peke yake haifiki megabaiti 75. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu aondoke katikati ya ajenda ya tatu bila kuaga. Sisi hutuma fedha ya bando siku moja kabla ya kikao, tena kwa wajumbe wote kwa kiwango kimoja, ili asiwepo anayeonekana kuomba. Kamera huwashwa mwanzoni ili watu waonane nyuso, kisha huzimwa, isipokuwa ya mwenyekiti. Wapo wenyeviti wanaotaka kamera zote ziwake muda wote ili ithibitike kwamba hakuna aliyelala. Mimi naona kumwita mtu kwa jina lake kunathibitisha hilo kwa gharama ndogo zaidi.

Utakutana na mjumbe atakayekuambia kwamba mtandao wake hauna tatizo, kwani muda huo huo YouTube inacheza bila kukwama. Mweleze kwa upole kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Video iliyokwisha kurekodiwa hupakuliwa sekunde nyingi mbele na kuwekwa akiba, hivyo mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji hajui. Kikao hakina akiba, kwa sababu maneno yenyewe bado hayajasemwa. Zaidi ya hapo, mtazamaji wa video hupokea tu, lakini mjumbe wa kikao anapokea na kutuma, na kasi ya kutuma katika mitandao ya simu kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kupokea. Ndiyo maana yeye aweza kuwasikia ninyi vizuri kabisa, huku ninyi mkisikia sauti yake ikikatikakatika, kisha kila upande ukaamini kwamba kosa ni la mwingine. Mara nyingi dawa ni kumwomba azime kamera yake, au atoke chumbani na kukaa karibu na dirisha.

Saa ndiyo iliyoniaibisha kuliko vyote. Niliandika katika mwaliko kwamba kikao kitaanza saa 3:00 asubuhi, kisha nikaingiza 3:00 hiyo hiyo katika kalenda ya programu, ambayo kwa hesabu yake hiyo ni saa tisa ya usiku. Mjumbe wetu wa Newala, mzee aliyestaafu ualimu, aliamshwa na simu yake saa nane na dakika hamsini usiku. Alinawa uso, akavaa koti, akaingia kwenye kikao na kusubiri peke yake karibu nusu saa, akidhani wenzake wamechelewa. Asubuhi hakunilaumu, aliuliza tu kama ajenda ilikuwa ya dharura. Tangu siku hiyo mialiko yangu yote huandikwa kwa namna mbili, saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00 ya kompyuta, hata kama anayeandikiwa ni mtu ninayejua kwamba anaelewa.

Kama wajumbe wako wapo katika nchi mbalimbali, andika saa ya kila mmoja badala ya kumwachia afanye hesabu. Bukavu iko nyuma yetu kwa saa moja na Muscat iko mbele kwa saa moja, hivyo saa 3 asubuhi ya Dodoma ni saa 2 Bukavu na saa 4 Muscat, mwaka mzima. Wenye mtego ni wale wa Ulaya. Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti yao na sisi huwa saa tatu katika majira ya baridi na saa mbili katika majira ya joto, wakati sisi hatujagusa saa zetu. Siku za mapumziko nazo hutofautiana: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa mchana hata hapa nyumbani haifai kwa kikao chenye wajumbe Waislamu.

Sasa nije kwenye salamu, ambazo miongozo ya kigeni niliyoisoma haizitaji kabisa. Zoom isiyolipiwa hukata kikao dakika ya 40, na Google Meet isiyolipiwa huwakata watu watatu au zaidi dakika ya 60. Katika kikao chetu kimoja cha mwanzo walikuwamo watu kumi na wanane, na kila aliyeingia alimwamkia kila mkubwa, akajibiwa, akaulizwa habari za nyumbani na za mvua. Tulipofungua ajenda ya kwanza zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tatu. Usithubutu kupiga marufuku salamu, maana kijana anayeanza kuzungumza mbele ya wazee bila shikamoo ataonekana hakulelewa, na hoja yake haitasikilizwa hata ikiwa nzuri. Tulichokubaliana ni kwamba salamu za mmoja mmoja zitolewe katika kundi la WhatsApp kuanzia asubuhi, na kikao kikifunguliwa, mwenyekiti awaamkie wakubwa na kuwasalimu wengine kwa niaba ya wote, mara moja. Wazee walikubali bila shida yoyote. Waliokuwa wazito kubadilika ni vijana, waliohofia kuonekana wanaruka mpaka.

Kelele ina sababu zake, na ukizijua hutababaika. Mlio mkali unaopanda ghafla karibu kila mara hutokana na watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja na simu yake ndani ya kikao kile kile. Simu ina uwezo wa kuondoa mwangwi wa sauti inayotoka kwenye spika yake yenyewe, kwa kuwa inajua imetoa nini, lakini haijui kilichotoka kwenye spika ya jirani. Hivyo sauti huingia kwenye maikrofoni ya pili, hurudi kwa wote, huingia tena, na kuendelea kukua. Wawili hao watumie simu moja, au mmoja azime vyote viwili, spika na maikrofoni. Kuzima maikrofoni peke yake hakutoshi, kwa sababu spika yake itaendelea kuilisha maikrofoni ya mwenzake. Spika za masikioni, hata zile za waya za bei ndogo, huondoa shida hii na kupunguza kelele za jogoo na pikipiki.

Wanaotumia simu wana adha ambayo mwenye kompyuta haioni. Mtu akipigiwa simu ya kawaida wakati wa kikao, simu nyingi huinyang'anya programu ya kikao maikrofoni, na mara nyingine data yenyewe husimama hadi mazungumzo yaishe. Waombe wajumbe wawashe hali ya kutosumbuliwa kabla ya kikao kuanza. Jedwali la bajeti linaloonyeshwa kutoka kwenye kompyuta ya mhasibu halisomeki kabisa kwenye skrini ya simu. Huwa kama mistari ya sisimizi tu. Tuma nyaraka siku mbili kabla, ukiwa umeweka namba katika kila mstari, ili mhasibu aseme "tazameni mstari wa 14", na aliyechapisha karatasi yake kwenye steshenari ya mjini awe sawa na anayeangalia skrini kubwa ofisini.

Kazi ya kumbukumbu ndiyo ninayotaka uitilie maanani zaidi, maana hapo ndipo tulipogombana. Katika ukumbi, aliyepo yupo. Mtandaoni mtu huweza kutoka na kurudi mara nne bila mwenzake kutambua, na jina linaloonekana huenda likawa "Galaxy A12" au "Mama Junior". Kabla ya kikao kufunguliwa, muulize kila mmoja jina lake na uliandike upya kwenye orodha ya washiriki. Kisha andika saa ambayo kila mmoja ameingia, ametoka na amerudi. Sisi tuliwahi kupitisha uamuzi wa kubadilisha watia saini wa akaunti ya benki wakati mjumbe wetu wa Kasulu alikuwa amekatika, wala hatukujua. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, kukawa kimya, akasema limepita. Wiki mbili baadaye mjumbe huyo aliandika barua kwamba yeye hakukubali wala kukataa, na tulipohesabu tukaona kwamba bila yeye akidi haikuwa imetimia. Uamuzi ulirudiwa upya, nayo benki ikatuona watu wasiojua wanachokitaka.

Kimya cha ukumbini kinaweza kumaanisha ridhaa, au hata hasira ambayo mwenyekiti mzoefu huisoma usoni, lakini kimya cha mtandaoni mara nyingi humaanisha tu kwamba laini imekatika. Kwa sababu hiyo kila azimio sasa husomwa neno kwa neno, kisha huitwa jina moja baada ya jingine, na kila mmoja hujibu ndiyo, hapana au sina upande. Kwa wajumbe saba, zoezi hilo halizidi dakika mbili. Aliyekatika huandikwa kwamba amekatika, hapigiwi kura ya kudhania.

Kuhusu usalama nitasema kidogo. Mwaka 2020, dunia nzima ilipohamia mtandaoni kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wahuni waliingia katika mikutano isiyokuwa na ulinzi na kuonyesha machafu, na ndipo Zoom, mwezi Aprili, ikafanya nenosiri na chumba cha kusubiri, ambamo mgeni hungoja hadi akubaliwe, viwe vimewashwa tangu mwanzo kwa akaunti nyingi, hadi mwenyewe avizime. Usivizime. Linki mtumie kila mjumbe kwake, si katika kundi la watu mia mbili, kwa sababu kundi la watu mia mbili ni sawa na stendi ya mabasi.

Uwe na njia ya pili, na wajumbe waijue kabla haijahitajika. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Sisi tulikuwa na kikao Jumatatu. Video haikuwezekana, sauti ya mtandaoni nayo ilikuja kwa vipande, lakini simu za kawaida za ndani ya nchi zilikuwa zikipigika. Niliwaunganisha wajumbe wanne kwa simu ya kawaida, yule wa Muscat akatuma maoni yake kwa ujumbe mfupi, na ajenda mbili za lazima zikapita. Nyingine tuliziahirisha. Tangu hapo, chini ya kila mwaliko kuna namba ya simu itakayopigwa iwapo linki haitafunguka ndani ya dakika kumi.

La mwisho ni kurekodi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; sauti na sura ya mjumbe ni taarifa zake. Omba ridhaa kabla ya kubonyeza kitufe, liandike jibu katika kumbukumbu, na useme rekodi itahifadhiwa wapi na hadi lini. Yetu huhifadhiwa katika kompyuta ya ofisi pekee, haitumwi kwenye simu ya mtu, na hufutwa mara kumbukumbu zinapothibitishwa katika kikao kinachofuata, mbele ya mwenyekiti.