Jibu: Kupunguza gharama za safari ya meli ya kitalii kutoka Miami
Ndugu yangu, umeuliza jinsi wewe na mkeo mnavyoweza kupunguza gharama za safari ya meli ya kitalii kutoka Miami hadi visiwa vya Karibi. Nauli hushuka sana mwezi Septemba, kwa kuwa shule zimefunguliwa na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, bado haujaisha. Hivyo msiache kukata bima. Chukueni chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwani humo mtalala tu. Kinachowaponza wengi ni bahashishi ya wahudumu, ambayo hutozwa kila siku kwa kila kichwa na mara nyingi haimo katika bei ya tangazo. Mkishalipa amana, endeleeni kuichungulia bei: ikishuka kabla ya malipo ya mwisho, ombeni mrekebishiwe.