Leso ya karatasi, kifuu na bizari: maswali ya sanaa darasani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa walimu wa shule za msingi na wazazi wa Mombasa. Karibu zote zinauliza jambo moja: kazi iliyopendeza kitabuni inaharibikia wapi ikifika darasani? Tumechagua tano.

SWALI: Nina watoto 60 wa Gredi 4 na kipindi cha dakika 35. Nataka tutengeneze leso za karatasi kwa muhuri wa kiazi. Tulipojaribu muhula uliopita, mihuri ilitoa madoa matupu, na pindo lilifika pembeni likiwa na nusu alama. Nifanyeje? – Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, hapo kuna makosa mawili yasiyohusiana. Moja ni la hesabu, jingine ni la kiazi.

Tuanze na hesabu. Leso ya dukani ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110, na karatasi ya A4 inakaribia umbo hilo. Tatizo ni kwamba urefu wa A4 ni sentimita 29.7, na muhuri wa sentimita 3 hauingii humo sawasawa. Kata urefu ubaki 27, upana uache 21. Sasa piga mistari ya pindo lenye miraba ya sentimita 3 kuzunguka karatasi yote. Utapata miraba 9 upande mrefu na 7 upande mfupi, jumla 28, kwa sababu mraba wa pembe unahesabiwa mara moja tu. Pembe zote nne zichapwe nyekundu, halafu nyeusi, nyekundu, nyeusi, mpaka pembe inayofuata. Kati ya pembe na pembe kuna miraba 7 au 5, kwa hiyo kila upande utaanza na nyeusi na kuishia na nyeusi, na pindo litafunga lenyewe. Nyekundu na nyeusi juu ya weupe ndizo rangi za kisutu, leso ya harusi. Huna haja ya kununua rangi ya tatu, na mtoto aliyewahi kwenda harusini ataijua leso yake kabla hajaimaliza.

Sasa kiazi. Kikate katikati kwa kisu kirefu, pigo moja. Ukikata kwa kwenda na kurudi kama msumeno, uso unabaki na mabonde, na bonde halichapi. Ndiyo maana muhuri unatoa ukingo na kuacha shimo katikati. Kazi ya kisu ni yako. Watoto watachonga kwa mpini wa kijiko au msumari butu, na kina kisipungue nusu sentimita, la sivyo rangi itajaa mfereji na nakshi itapotea. Wakimaliza, kiazi kilazwe kifudifudi juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 10. Kiazi kilichokatwa hutoa maji, na maji hayo yakikutana na rangi ndipo doa linapozaliwa.

Rangi ya poda ichanganywe nzito: vijiko 3 vya poda, 2 vya maji na 1 cha gundi ya unga. Iwe na uzito wa maziwa mala. Usiimimine kwenye sahani watoto wakachovya. Ipake juu ya kipande cha sponji kilicholazwa ndani ya kifuniko cha mkebe, mtoto abonyeze muhuri hapo mara moja, achape mara mbili, kisha arudi. Chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa mara nne, maana meza ngumu haisamehe kiazi kilichopinda kidogo. Na panga boi lizimwe. Liwashwe baadaye, karatasi zikishatandazwa sakafuni na kuwekewa kokoto.

Gawa makundi 10 ya watoto 6, kila kundi viazi viwili, yaani mihuri minne. Kilo 2 hadi 3 zinatosha darasa zima. Ongeza robo ya bamia: ukiikata kwa mapana inachapa ua la ncha tano bila kuchongwa hata kidogo, na linakaa vizuri kwenye mji wa leso, yaani uwanja wa katikati. Chagua zilizokomaa, zile ambazo mpishi angezirudisha sokoni. Bamia changa huteleza kwa ute na kupondeka.

Usijaribu kumaliza kwa kipindi kimoja. Cha kwanza ni kukata karatasi, kupiga mistari na kuandika jina, yaani msemo wa leso, kwa penseli. Cha pili ni pindo. Cha tatu ni mji na kukolezea jina. Jina lisichapwe kwa kiazi. Herufi hutoka kinyume, na mtoto wa miaka tisa aliyechonga S mara tatu ikageuka mara tatu hataki tena kusikia habari ya sanaa. Liandikwe kwa mkono, herufi kubwa, kuanzia katikati. Chukua WEMA HAUOZI: ukihesabu na nafasi ni sehemu 11, na ya sita, yaani ya katikati kabisa, ni H. Ndani ya pindo, kwa upande mrefu, una sentimita 21. Kila sehemu ipewe sentimita 1 na nusu, jumla 16.5, na pembeni zitabaki sentimita 2 na robo kila upande. Mwandike H kwanza, kisha mwende kulia na kushoto. Wanaoanzia W ndio wanaoishia na herufi zilizobanana kama abiria wa matatu ya jioni.

SWALI: Wazazi wengine katika shule yetu hawapendi watoto wao wachore viumbe vyenye roho. Je, naweza kufundisha sanaa muhula mzima bila wanyama wala watu? – Mwalimu wa Gredi 5, Mji wa Kale

JIBU: Unaweza, na wala usimtenge mtoto apake rangi ua lake kwenye kona huku wenzake wakichora simba. Lipe darasa zima kazi isiyo na kiumbe. Mahali ulipo pana nyenzo kuliko vitabu: milango ya nakshi yenye minyororo, mawaridi na majani kwenye fremu na kwenye mfaa (ubao wa wima katikati ya mlango), mikeka, majahazi, vibao vya majina.

Kazi tunayoipendekeza kwanza ni ua la petali sita, kwa sababu linafungua mlango wa nakshi nyingi nyingine. Bikari za shule huwa na skurubu legevu, basi tengeneza zenu kwa katoni. Kata ukanda wa sentimita 8 kwa 2. Toboa tundu moja sentimita 1 kutoka mwisho mmoja, na la pili sentimita 5 kutoka la kwanza. Toboa kwa msumari, si kwa ncha ya mkasi, ambayo huacha mpasuko unaozidi kupanuka. Mtoto mmoja asimamishe penseli kwenye tundu la kwanza kama kigingi, mwenzake azungushe penseli ya pili.

Duara la kwanza lichorwe katikati kabisa ya A4. Kisha kigingi kihamishwe juu ya mstari wa duara hilo, popote, na lichorwe duara zima la pili. Linakata la kwanza mahali pawili. Kigingi kihamie kwenye mojawapo, na kadhalika kuzunguka. Maduara sita ya kuzunguka lile la katikati yakikamilika, ua limejitokeza katikati lenyewe, na nakshi nzima ina upana wa sentimita 20, kwa hiyo inaingia kwenye karatasi ya 21 ikibakiwa na nusu sentimita kila upande. Ndiyo maana tumesema katikati kabisa. Mtoto aliyeanza sentimita 2 pembeni atakosa karatasi.

Kosa utakaloliona zaidi ni duara la sita la kuzunguka kutofika pale mzunguko ulipoanzia. Kigingi kikikosea milimita 1 kila mara, mwisho wa mzunguko una pengo la karibu milimita 6. Usiwaambie wafute. Waambie wapime pengo na watafute hatua gani iliteleza, kisha wageuze karatasi waanze upya. Mara ya pili huwa safi. Waliomaliza mapema wapake rangi kwa sharti moja: vipande viwili vinavyogusana kwa ukingo visiwe vya rangi moja. Sharti hilo dogo litawakalisha kimya kuliko kiboko cha aina yoyote.

SWALI: Vinyago vya unga na chumvi tulivyotengeneza na Gredi 2 vilikauka vizuri, lakini baada ya wiki kabatini vilianza kulainika na kutoa maji. Tulikosea kipimo? – Mwalimu, Likoni

JIBU: Kipimo cha kawaida ni vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 cha chumvi na robo tatu ya kikombe cha maji, na huenda mlikifuata vizuri tu. Aliyewaharibia ni hewa ya bahari. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na Mombasa unyevu haukosekani, sembuse wakati wa masika. Kinyago kikishakauka kinaanza kunywa tena. Vanishi husaidia iwapo imepakwa kila mahali, pamoja na chini, mahali ambapo karibu kila mtu husahau. Hata hivyo, kwa maoni yetu kazi hiyo ni ya nchi kavu. Tena kuna nyumba ambazo kumwaga kilo za unga kwenye mchezo hakutachukuliwa vizuri, na hatuwalaumu.

Tumieni trei za mayai. Trei moja ya mayai 30 inawatosha watoto wawili au watatu, kila mmoja bakuli dogo. Ichanwe vipande vidogo, ilowekwe usiku kucha, asubuhi ifikichwe mpaka iwe kama uji mzito, kisha ikamuliwe ndani ya kitambaa hadi isidondoke tena. Gundi: koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwa kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika 3 hadi ing'are. Ukiweka unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge yasiyovunjika. Ongeza kijiko cha chumvi tu, na upike ya siku hiyo. Kwa joto letu, gundi ya jana imeshachacha na mende wameshapata habari.

Changanya majimaji ya karatasi na gundi kidogo kidogo mpaka yashikane ukiyabana kiganjani. Kalibu ni kifuu cha nazi kilichopakwa mafuta ya mgando. Karatasi ibandikwe ndani ya kifuu, si nje. Ikikauka hujikunja kidogo: iliyo ndani hujibandua yenyewe, iliyo nje hung'ang'ania kifuu na kupasuka. Unene uwe kama nusu sentimita na usawa kote. Panapozidi hukauka nje huku ndani kukiota ukungu. Kwenye jua la kaskazi kazi huwa tayari kwa siku 2 au 3. Masika yakiwa yamekolea, ahirisheni.

SWALI: Sanduku letu la krayoni limebaki vipande tu. Vitupwe? – Mzazi wa kujitolea, Changamwe

JIBU: La, mama, hivyo ndivyo bora kwa picha za kusugua. Banduweni karatasi iliyobaki, mlaze kipande kwa ubavu, mkisugue juu ya karatasi nyembamba iliyowekwa juu ya mkeka, kuti au jani lililogeuzwa mgongo, upande wenye mishipa iliyoinuka. Karatasi ya daftari inafaa kuliko manila. Karatasi ishikwe na mtoto wa pili, kwani ikisogea mara moja tu picha huwa mbili. Na sanduku lisikae dirishani, jua la mchana litayeyusha vipande vyote kuwa bonge.

SWALI: Tulipaka picha kwa rangi ya bizari ya manjano badala ya kununua rangi. Zilibandikwa ukutani, na kabla ya mwisho wa muhula zimekuwa nyeupe. Na mashati yaliyoingia madoa yake? – Mwalimu wa Gredi 3, Bamburi

JIBU: Bizari haivumilii mwanga. Kwa picha ya kukaa ukutani tumieni udongo mwekundu uliochekechwa au makaa yaliyosagwa, kijiko kimoja kwa kijiko kimoja cha ile gundi ya unga. Hizo hazipauki.

Bizari muiwekee kazi nyingine. Vijiko 2 kwenye nusu glasi ya maji ya moto, ipakwe karatasi nzima, ikorogwe kila mara kwa sababu unga hutuama chini. Ikikauka, futeni kwa kitambaa vumbi lililobaki juu. Kando, yeyusheni kijiko cha chai cha magadi kwenye nusu glasi ya maji. Mtoto achovye kijiti cha meno ndani ya maji hayo na kuchora: mstari unatokea mwekundu wa kahawia mbele ya macho yake, kwa sababu bizari hubadilika rangi ikikutana na magadi. Tone la ndimu linaurudisha kuwa manjano. Kijiti kiloweshwe kidogo tu. Kikidondosha, mstari unatambaa na jahazi linakuwa wingu. Magadi yasifike machoni, na watoto wanawe mikono kabla ya kutoka.

Ama mashati, waambieni wazazi mapema: doa la bizari likiguswa na sabuni litageuka jekundu, ni yale yale ya magadi. Wasisugue kwa hofu. Walisuuze kwa maji mengi, shati lianikwe juani doa likitazama juu, na jua lililofuta picha zenu litafanya kazi hiyo hiyo kwenye kola.